Nafuu ya Kumtunza Mama

Jumatatu, 4 Machi

Redio imesema asubuhi, nikiwa namwogesha mama. Wanaotunza wazazi wagonjwa nyumbani watakumbukwa: kuanzia mwaka huu, nafuu ya kodi. Nikaenda kuongeza sauti. Mama akalalamika nimemwacha na povu shingoni. Kweli, nilimwacha.

Tangu kiharusi kimpige mama, miaka mitatu sasa, hakuna aliyewahi kututaja redioni. Leo nimeshona sketi za shule huku naimba, mimi nisiyeimba.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda ofisi ya kodi. Jirani alibaki na mama. Karani wa dirishani, msichana mpole, akauliza kodi ya mapato nalipia wapi. Silipi. Nashonea nyumbani, kipato changu hakifiki kiwango. Basi, akasema, hakuna cha kupunguza. Nafuu inatolewa kwenye kodi, na wewe huna.

Nikamwambia kodi nalipa kila siku — kwenye sabuni, kwenye uzi, kwenye nepi za mama. Akasema hiyo ni kodi nyingine. Sasa huu msaada ni wa nani? Akainamisha macho. Dada, sheria sikuitunga mimi. Mtu wa nyuma yangu kwenye foleni akaanza kukohoa kikohozi cha kunifukuza.

Yaani! Niliacha kazi kiwandani ili nimtunze mama. Kwa sababu niliacha kazi, sipewi. Ningemtelekeza nikabaki na mshahara, ningekuwa na pa kupunguziwa. Na karani mwenyewe amekiri: mwenye mshahara mnono ndiye atakayepunguziwa zaidi. Nani aliketi na akili zake timamu akaandika hivi, halafu akaita ni kutujali?

Nimerudi nikamkaripia mama bure, eti hamalizi uji. Nimemwomba radhi. Bado nachemka.

Alhamisi, 7 Machi

Bado. Nimevunja sindano mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Kaka amekuja. Kaka huyu tunamsikia zaidi kwa simu. Leo kaja na matunda na blanketi jipya, nikajua kuna jambo.

Ameandika kwenye fomu za kodi, kule benki anakofanya kazi, kwamba mama anaishi kwake. Kwake! Sasa ofisi inamtuma afisa Jumanne kuhakikisha. Anataka mama akalale huko siku mbili tatu, na mimi niandamane naye, maana, anasema, wewe ndiye unayemjua.

Nikamwambia huo ni wizi. Akasema wizi wa nini, pesa ni zangu, zinakatwa kwenye jasho langu. Tukizipata tutaona namna ya kukushika mkono. Tutaona namna! Miaka mitatu anaona namna.

Nikasema haendi mtu. Mama akaongea kutoka kitandani, polepole kama anavyoongea siku hizi: mwache mwenzio apate. Nilitaka kulia, nikaona bora nikafue.

Jumatatu, 11 Machi

Tuko kwa kaka. Wifi ametandika shuka mpya, amening'iniza picha ya mama ukutani. Fremu bado ina kibandiko cha bei. Ananiuliza mama anakula nini, dawa anameza saa ngapi, ananyanyuliwaje, anakariri kama mtu wa mtihani. Kisha kamnyanyua kwa ule mkono wake uliopooza. Mama alipiga yowe. Nilimsukuma wifi pembeni na sikumwomba radhi.

Ila mama ana furaha. Alikaa anamtazama kaka akila. Mimi hajanitazama hivyo siku nyingi. Nimeliandika hilo na limeniuma.

Jumanne, 12 Machi

Naandika chooni. Mama amekaa, hana haraka, mimi niko juu ya ndoo iliyofunikwa. Afisa yuko sebuleni anakunywa chai. Mwanamke wa makamo, makini, anatazama kila kitu. Alimuuliza mama anaishi na nani. Na wanangu, mama akasema. Akanigeukia: na wewe? Nikafungua mdomo, wifi akaniwahi. Huyu ni msichana wetu wa kazi.

Msichana. Nina miaka arobaini na sita. Kaka alitazama kikombe chake.

Afisa alichangamka. Kumbe ipo nafuu nyingine, kwa anayeajiri mtu wa kumtunza mzazi, tena kubwa kuliko ile ya kwanza. Akatoa karatasi. Anataka nitaje mshahara wangu wa mwezi, niweke sahihi. Mshahara wangu! Nikasema mama anataka choo.

Nimemnong'oneza mama: umesikia walivyoniita? Amesikia. Nifanyeje?

Kaka anagonga mlango. Sauti ya kubembeleza, sijaisikia tangu tukiwa watoto. Anasema nitaje kiasi chochote, yeye atakubali. Nimemjibu nitataja, lakini cha miaka yote mitatu, na akilipe kweli. Ameacha kugonga. Afisa anauliza kutoka sebuleni kama kuna tatizo.

Mama amenikamata kwa ule mkono mzima, anajaribu kusimama. Anasema nimvalishe, nimfungulie mlango, ataongea yeye na yule afisa. Nimemuuliza atasema nini. Anavuta tu gauni lake. Sijui anakwenda kumsemea nani, mimi au kaka.