Barua ya Kuoga Barafuni

"Huingii!"
"Naingia!"
"Utakufa, Annika!"
"Mama, nisipooga nafasi yangu inapotea!"

Dewey, nimekwisha 😂😂

Si unajua dada'ngu Annika anakwenda kusoma Uswidi muhula ujao? Nikamtungia barua ya chuo: kila mwanafunzi mgeni lazima kwanza aoge kwenye tundu lililotobolewa katika barafu ya ziwa, mzazi akishuhudia. Mimi niliyekimbia chuo mwaka wa pili, naandika kama mkuu wa chuo! Na kaamini!

Leo ziwani kwetu kazama. KAZAMA kweli! Kaibuka mwekundu, anacheka kama kichaa: "Sasa Uswidi siiogopi tena!"

Nikakiri kwamba barua ni yangu.

Mama kanitazama weee, nikajua leo nazikwa. Akavua koti. Akavua buti.

"Nishike mkono, mjinga wewe. Na mimi nataka kuingia."