Nilichofuta kwenye Simu ya Mama Neema

Jumamosi, Lodwar. Upepo umeanza kabla ya saa nne, na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimejifungia ndani hapa Nawoitorong tangu asubuhi. Jirani amepita akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok!" dirishani, nikanyamaza kama sipo.

Nina jambo la kuungama.

Mnaonisoma hapa kwenye blogu mnanijua kwa filamu. Kila wiki kuna anayeniuliza atumie app gani kuangalia tamthilia kwenye simu, nami humjibu kama mtaalamu. Mimi si mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa ushonaji mwenye simu nzuri kidogo.

Siku mbili kwa wiki huenda Kakuma kufundisha kina mama kushona. Mmoja wao ni Mama Neema, mkimbizi kutoka Kongo, mtu wa maneno machache. Mumewe alifariki mwaka jana. Mwezi uliopita, tukikunja vitambaa, aliniambia jioni zinamshinda. Watoto wakitoka kwenda kucheza, nyumba inakuwa kimya, naye anabaki akitazama ukuta.

"Dada, unitafutie kitu ya kuangalia," alisema. "Kitu ya kucheka kidogo."

Nilifurahi kuombwa. Nikajaribu app tatu kwenye simu yake. Ya kwanza ilikuwa na kila kitu, lakini ilitaka alipe kila mwezi kwa kadi ya benki, na yeye hana benki. Ya pili ilikuwa nafuu, ila kwa mtandao wa kule picha iliganda kila baada ya dakika. Ya tatu ingemwezesha kupakua vipindi mtandao ukiwa na nguvu, aviangalie baadaye bila bando. Hiyo ndiyo iliyomfaa. Tatizo ni kwamba filamu zake zilikuwa chache, na karibu zote kwa Kiingereza, lugha asiyoielewa.

Basi nikamwekea ya nne.

Haikutoka kwenye duka rasmi la app. Mtu aliituma kwenye kundi letu la wapenzi wa filamu. Ilikuwa ya bure, imejaa tamthilia za Kifaransa na Kiswahili. Ilipoomba ruhusa ya kuingia kwenye picha, majina na ujumbe, nilibonyeza kubali, kubali, kubali. Hata sikusoma.

Kwa wiki moja alicheka kweli. Alikuja darasani akitusimulia mambo ya wakwe wakorofi wa kwenye tamthilia, na nikajiona nimetenda jambo kubwa.

Kisha simu ikaanza kujaa matangazo ya aibu. Ikawa inachemka hata isipotumika. Mwishowe ikajifunga kabisa, ikabaki na maandishi mekundu tu kwenye kioo. Nikaileta kwa fundi hapa Lodwar. Aliigeuzageuza, akasema dawa yake ni kufuta kila kitu na kuianzisha upya.

"Kuna kitu ndani mwenyewe anataka?" aliniuliza. "Kama kiko, niachie siku mbili tatu nijaribu kukitoa kwanza. Ulizia."

Namba ya binti wa Mama Neema nilikuwa nayo. Salio lilikuwepo. Nilitaka tu aibu yangu iishe haraka.

"Futa tu," nikasema.

Alhamisi nilimrudishia. Tuliingiza namba yake upya, akafungua mahali pa ujumbe. Palikuwa peupe. Akatelezesha kidole chini, akapandisha, akashusha tena.

"Dada, sauti ya papa Neema iko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Mumewe alipokuwa amelazwa, kabla ya kufa, alimtumia ujumbe wa sauti kila asubuhi. Aliulizia watoto. Alilalamikia uji usio na sukari. Siku nyingine alikohoa tu, akasema atapiga baadaye. Mama Neema alikuwa akisikiliza mmoja kila siku kabla ya kuja darasani. Hakuna aliyejua.

"Balifuta yote?"

"Yote."

"Na ule fundi, hakukuuliza?"

Nilimtazama machoni. "Hakuniuliza," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi si kosa yako, dada." Akaenda kwenye cherehani yake, akashona hadi darasa likaisha, na mshono wake wote ulikwenda upande.

Angenitukana, ningelala.

Jana nilirudi kwa fundi kumsihi. Alinisikiliza, akaniambia hakuna kilichobaki cha kutafuta. Leo nimeondoa humu makala yangu yote ya kusifu app za bure, na nilipomaliza niliona hata hilo nimelifanya kwa ajili yangu mwenyewe. Kwake halirudishi hata kikohozi kimoja.

Jumanne nitapanda gari la kwanza kwenda Kakuma. Nitamwita pembeni kabla wenzake hawajafika, nimwambie kwamba fundi aliuliza, na aliyejibu ni mimi. Huenda akaacha darasa. Huenda asiniite dada tena. Nimejiuliza mchana kutwa kama ukweli huu utamsaidia au utamwongezea tu jeraha. Ninachojua ni kwamba alinisamehe kwa jambo ambalo sikumwambia.

Nimeandika haya leo, lakini sitayaweka hapa mpaka nitoke kwake. Ukiyasoma, ujue ameshayasikia kutoka kinywani mwangu.