Unamsubiri Nani?

Mwenzangu, uko? Nazunguka ofisini kama kuku anayetaka kutaga. Kukaa siwezi.

Unamkumbuka yule binti wa darasa la kwanza ninalofundisha, niliyekwambia anasoma mstari mmoja, ananyamaza, ndipo anaendelea? Wiki tatu namkaripia: "Soma moja kwa moja! Unamsubiri nani?"

Leo nikamwita mama yake, fundi cherehani. Kaja na futi ya kupimia bado iko shingoni. Nikampa ripoti ya mtoto. "Mama, hebu soma hapa mwenyewe, kwa sauti."

Kwa sauti! Mbele ya wazazi wengine wawili!

Akaitazama ile karatasi, akamsogezea binti yake aliyesimama pembeni, wala hakuona haya. Na mimi, mdomo huu utaniponza, nikasema, "Hapana mama, nimesema wewe."

Nimesema wewe! Yaani nilisema hivyo kabisa!

Mtoto akaweka kidole kwenye mwandiko wangu. "Anasita kila mstari." Akanyamaza, kama kawaida yake, akamtazama mama.

Mama naye akaweka kidole palepale, akafuatisha polepole: "Anasita... kila... mstari."

Kumbe ndiye anayesubiriwa, mwenzangu. Kila jioni mtoto anamfundisha mama yake.

Nikataka kuinyakua ile karatasi, maana najua nilichoandika chini. Nikachelewa. Mtoto alishafika: "Nyumbani hakuna anayesoma naye." Akanyamaza, akasubiri.

Mama hakufuatisha. Akaniangalia mimi.

"Huo sirudii, mwalimu. Huo ni uongo."