Nakupa Maskati

Nyumba ya nyuma ya soko,
Pangani, Tanga.
23 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Najat,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, alhamdulillah, na dua yangu ni kwamba barua hii ikukute mzima pia, joto la Maskati limepungua na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Unakula? Mama akikuona kwenye simu huuliza mashavu yako yamekwenda wapi, kisha huilaumu simu.

Huku hatujambo. Magoti ya Mama yanamkumbusha kila asubuhi kwamba kusi bado linavuma, lakini mwambie asiende kwa jirani uone atakavyopona papo hapo. Baridi ya mwaka huu ni ya kweli. Alfajiri ukungu hulala juu ya mto hata Bweni ng'ambo haionekani. Unasikia pantoni inanguruma bila kuiona, kisha watu wanatokea mmoja mmoja, kimya, kama ambao hawajaamka bado. Nami husimama dirishani na kikombe changu mpaka chai inapoa. Unanijua.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi za simu. Kwenye simu mwanao Malak huwa ameniegemea begani, na neno la leo linamhusu yeye. Ndiyo maana nitampa barua Sami, mtoto wa jirani, anayekuja huko wiki ijayo, pamoja na vileja na kopo la achari. Ukikuta vileja vimepungua usiniulize mimi.

Mwanao hajambo kabisa. Amerefuka, sketi ya shule nimeishusha pindo mpaka hakuna pindo tena. Nyumbani ananiita mama mkubwa, tukivuka lango la shule ananiita mwalimu, wala hachanganyi. Tangu nilipopewa darasa la nne nimekuwa nikikutumia picha za majaribio yake, nawe unanijibu kwa vile vikopa vyekundu vya mapenzi na vigelegele vya sauti. Alama zilikuwa nzuri, Najat. Hazikuwa zake.

Keti kwanza, nikueleze.

Aliyenifumbua macho ni babu Uweso. Swali la jaribio lilisema: taja vyombo viwili vya usafiri wa majini. Nasra, binti wa Bweni anayekaa dawati moja na Malak, akaandika "pantoni na babu Uweso". Nilicheka peke yangu. Uweso ni babu yake, ndiye anayemvusha kwa mtumbwi pantoni ikiharibika, kwa hiyo mtoto alijibu kwa kadiri ya maisha yake. Nikachukua karatasi ya Malak: pantoni na babu Uweso. Malak hana babu wa jina hilo, na mtumbwi hajakanyaga, anauogopa. Kicheko kikanikauka. Nilipoyarudia majaribio ya nyuma, kila alipopatia Nasra, Malak alipatia, na kila alipoteleza Nasra, waliteleza wote.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Timotheo, aliposikia kwamba watoto wanaangalizia, alinionyesha fimbo ilipo. Ni mtu mwema, ila kwake dawa ya kila ugonjwa imeegemezwa nyuma ya kabati. Nikaona nianze kwa kuwauliza wenyewe, darasa zima, bila kumtaja mtu. Kwa nini tunaangalizia? Mwishowe akainuka Sele, yule mtundu mwenye sauti ya mwadhini.

"Mwalimu, mtu akifunika karatasi yake sie twamwita mchoyo."

"Mchoyo?"

"Eeh! Andazi twagawana, jibu atunyime? Huyo hatuchezi naye."

Darasa zima likaitikia. Na ni sisi tuliowafundisha hayo. Tangu wanatambaa tunawaambia mpe mwenzio, usile peke yako, na katika mji huu mtu husamehewa mengi lakini si uchoyo. Nikawaambia andazi ukimgawia mwenzio atashiba, lakini jibu ukimgawia njaa yake inabaki palepale, ila sasa mwalimu haioni. Wakanitazama kwa adabu sana. Nikajua halijawaingia.

Siku ile baada ya magharibi umeme ulikatika, Mama akatoka barazani, Malak na watoto wa jirani wakamzunguka. Nami nikajilaza kwenye mkeka, macho nimeyafumba, nasikia tu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ana macho matatu na njia haioni."

Wakataja kila mdudu wa duniani. Malak mikono yake ilikuwa bado inanuka nazi aliyoikuna mchana, na jibu halikumjia.

"Mwashindwa? Haya, nipeni mji!"

"Nakupa Mwera!" Malak alipiga kelele kwa furaha.

"Mwera nimekwenda, nimekula muhogo wa nazi, nimelala kitanda cha kamba, nimerudi. Jibu ni nazi. Wee mkunaji mzima wanitia aibu!"

Unakumbuka, Najat? Nilivyolala pale nilituona sisi wawili, wewe na meno yako ya mbele yameng'oka, unamgawia Mama miji kama mfalme. Nani aliyeona haya kwa kutojua? Kushindwa kulikuwa nusu ya raha. Ulitoa mji, Mama akasafiri gizani akala na kulala huko, na jibu aliloturudishia hatukulisahau tena. Nikamsikiliza mwanao anavyocheka kwa kutojua. Nikajiuliza mbona huyu huyu, akikaa kwenye dawati, mstari mtupu unamtisha.

Basi nikaupeleka mchezo darasani. Niliwaambia asiyejua jibu aandike jina la mji pale pa jibu. Alama hapati, lakini hagombezwi wala hachekwi. Mimi nitakwenda mji huo, nitarudi na jibu, nami nitamfundisha mpaka liwe lake. Ila atakayeniandikia jibu la mwenzake amenizuia safari. Sele akauliza kama Ulaya ni mji. Nikamwambia huko atanichelewesha.

Siku ya jaribio ukungu ulikuwa umefika mpaka madirishani, na darasa lilitulia vile ambavyo sijawahi kulisikia. Shingo hazikurefuka. Nasra hakufunika kitu, na hapakuwa na haja.

Jumamosi nikakaa dirishani kusahihisha, na sijui nikueleze vipi. Kalamu nyekundu mkononi, mwenyewe sipo. Sele alinipa Makorora, kwa shangazi yake, nikajiona nimekaa uani kwake kwenye kigoda nakula bajia za moto, nikarudi na jibu lake, sehemu ya kumi. Mmoja alinipa Mwera, nikapita chini ya minazi na viatu mkononi. Nasra alinipa Bweni tu, akaandika pembeni: mji mdogo kwa sababu swali lilikuwa dogo. Mama alinikuta natabasamu peke yangu akaniuliza kama nina homa.

Karatasi ya Malak nikaiweka mwisho. Maskati. Mstari wa chini yake, Maskati. Akajibu moja alilolijua, kisha tena Maskati, Maskati, kwa ule mwandiko wake wa kujinyoosha, mpaka chini ya ukurasa. Alama alizopata zilikuwa chache, na zote zilikuwa zake.

Nilimkuta uani amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, nusu ya nazi mkononi, lakini hakuni.

"Mama mkubwa, ndiyo mama haji tena?"

"Nani kasema haji?"

"Alisema nikiwa wa kwanza atakuja Desemba. Na sasa si nimekuwa wa mwisho?"

Hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza iwapo duka limefungwa. Aliyelia ni mimi, nikasingizia moshi, na jiko lenyewe lilikuwa halijawashwa. Kumbe miezi yote hii mtoto alikuwa akikuvuta kwa alama za Nasra, Najat. Alijua ni vibaya. Aliniambia mwenyewe kwamba kila ulipotuma vigelegele alikuwa akitoka nje asivisikie.

Sikulaumu, mdogo wangu. Najua uliisema kwa mapenzi, kumtia moyo, na najua huyo uliye kazini kwake hajakupa jibu la likizo mpaka leo. Mtu aliye mbali na mwanawe hushika neno lolote lililo karibu ili simu isikatike kwa majonzi. Lakini mwanao aliipokea ahadi nzima, akailalia na kuamka nayo. Nimeumia kwa ajili yake, na kwa ajili yako pia.

Ninalokuomba ni hili. Ukipiga simu Ijumaa, mwambie kuja kwako hakutegemei nafasi yake darasani. Kama Desemba utakuja, mwambie. Kama hujui, usimpe jibu la kuazima kama alivyotupa yeye. Toa mji. Mwambie, sijui mwanangu, nakupa Pangani. Atakuelewa kuliko sisi wote, maana sasa ni mtaalamu.

Nikupe na la furaha. Alasiri hizi tunakaa watatu, mimi, yeye na Nasra, na yale maswali ya Maskati tumekuwa tukiyarudisha moja moja. Juzi darasani alipata swali la sehemu peke yake, kwa jasho lake, akaruka na kunipigia kelele mbele ya wote: "Mama mkubwa!" Darasa likaangua kicheko. Hata mimi nilisahau kumrekebisha.

Na Mwalimu Timotheo naye kaambukizwa. Kwenye kikao tulimuuliza lini paa la darasa la tatu litaezekwa. Zamani angetupa tarehe. Safari hii akakuna kichwa, akasema, "Natoa mji. Muheza." Tulimpigia makofi, Wallahi.

Nisalimie binamu yetu Hashil na mkewe Samiha, waambie ubani wao umefika na Mama anaufukiza kwa choyo, Ijumaa tu. Mama anakuombea kila sala. Malak anakuamkia shikamoo. Hajui nilichoandika humu, ila ameomba ailambe bahasha mwenyewe. Mola akulinde kazini na njiani, akufungulie mlango wa heri, na moyo wako usichoke.

Kabla sijaweka kalamu chini. Desturi unaijua: aliyepewa mji ni lazima aende, ale, alale, ndipo arudi na jibu. Mwanao amenipa Maskati ukurasa mzima, nami hata pasi ya kusafiria sina. Lakini wewe uko huko tayari, umeshakula, umeshalala. Kilichobaki ni kurudi tu.

Ni mimi dadako nikupendaye, hata ukinuna,

Mwanamkasi