Shimo la Arap Langat

Kwa mjukuu wangu Kerubo,

Barua yako imefika. Hapa Ndanai tuko wazima, ila goti langu linanisumbua, na babu yako anazozana na kuku kama kawaida. Unaniuliza utampataje fundi wa nyumba huko mnakohamia, kwenye ploti ya bei nafuu, na humjui mtu.

Nilipokuwa msichana, baba aliacha kuchuma chai Kericho akanunua shamba hapa, kwa kuwa ardhi ilikuwa rahisi. Arap Langat, fundi wa hapa, alikuja akashika ule udongo mweusi mkononi. Akamwambia baba, "Hii udongo inafura mvua ikinyesha. Chimbia nguzo mpaka kiuno, ufike murram, pale pagumu."

Baba alicheka. Kule Kericho nguzo ilichimbiwa mpaka goti tu, na nyumba ilisimama. Akamleta fundi kutoka kwetu Kisii, mtu wa lugha yetu na kanisa letu. Alichimbia nguzo mpaka goti, nyumba ikaisha kwa wiki mbili, tukamsifu.

Mvua ya Aprili iliponyesha, ukuta ulimwangukia dada yangu mdogo, Moraa, amelala mchana. Siku hiyo sitaiandika zaidi.

Arap Langat alikuja bila kuitwa, na sururu yake, akamchimbia Moraa kaburi. Shimo lilipomfika kiunoni, sururu iligonga murram, na sote tukasikia.

Baba alikuwa amesimama karibu na Arap Langat.

Ni mimi nyanya yako,
Bosibori