Wanja wa Mama, Vifaranga wa Labo

Jumanne, 5 septemba 2023

Mayai yamefika kutoka Nyangezi, mengine bado yana majani makavu. Tumeyapanga ndani ya kuvezi, mashine ya kuangulia. Courant ya umeme haikukatika leo — alhamdulillahi.

Saa ya mchana Chrispin, msaidizi wetu, amerudi kutoka soko la Kadutu na mfuko wa vitu vya kupimwa labo. Dawa ya kunguni isiyo na jina. Rangi ya milango. Na kichupa cha wanja.

"Madame Salwa, hii njo banapaka batoto ku macho. Haiko na papier yoyote."

Nikakishika. Kizibo cha kitambaa, uzi wa kijani, fundo limelala upande wa kulia. Nani anafunga hivi isipokuwa mtu wa shoto? Mkono wa mama yangu! Nilijua kabla sijakifungua. Nikakifungua hata hivyo — karafuu, moshi, mafuta ya nazi — na mara moja nilikuwa Uvira, uani nyuma ya duka. Mama anatwanga lile jiwe jeusi linalong'aa, analichekecha kwa kipande cha kanga kuukuu. Sisi tumekaa mkekani, tumeoga, tunangoja zamu. Ijumaa zote zilikuwa hivyo. "Fumba. Fungua. Usilie, utaharibu." Rahima alilia kila mara. Latifu, kitindamimba wetu, hakulia hata siku moja, aliinua uso tu akicheka. Baba akitoka msikitini alisimama mlangoni: "Leo nyumba imewashwa taa."

Nikakibandika namba tu, kama vile vitu vingine.

Alhamisi, 14 septemba

Tumedunga mayai vile vitu vya sokoni. Ukimulika yai kwa torshi unaona mishipa myekundu na moyo unapigapiga. Miaka yote hii na bado ninashtuka kidogo.

Nimemwomba Carmel, mwenzangu wa labo, aandike herufi tu juu ya mayai na afiche maana yake. Nisijue yapi yamepewa wanja, yapi maji ya chumvi matupu.

"Unaogopa nini?"

"Macho yangu mwenyewe," nikamwambia. Alicheka. Alifikiri ninatania.

Jumapili, 17 septemba

Nimeshinda mtaani Kasha kwa mdogo wangu Rahima. Bintu, mtoto wake mchanga, amenenepa! Ana paji la uso la baba kabisa. Nimembeba mpaka mkono umekufa ganzi.

Mama alipiga simu kutoka Uvira. Anakuja na Latifu kwa arobaini ya mtoto. Sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Salwa, bado unachezea kuku?"

"Sichezi, mama. Tunaangalia dawa gani inaharibu bongo la mtoto likiwa bado linajengwa. Hatuwezi kumjaribia mtoto wa mtu, basi tunajaribu kwa yai."

"Haya. Mwambie Rahima ninaleta wanja mpya. Nimeutwanga mwenyewe."

Simu ilipokatika nikamwambia Rahima: ngoja kwanza, usimpake. Nikamweleza kile kichupa. Alinitazama mimi dada yake kama ninamtukana mama.

"Yaya, sisi wote tulipakwa. Na weye uko na doctorat."

Njia nzima ya kurudi nilimfikiria Latifu. Alitembea akiwa mkubwa, maneno yakachelewa zaidi. Shule walimrudisha nyumbani. Sasa ni mwanaume wa ndevu, anampangia mama sabuni dukani kwa rangi, na anajua nyimbo zote za redio. Nyumbani tulisema: Mungu kamuumba mpole. Ikaisha.

Jumanne, 26 septemba

Wameanguliwa! Labo nzima ni kelele. Chrispin anawaita "batoto yangu".

Alhamisi, 28 septemba

Jaribio la kufuata. Kifaranga hana mama, basi tunamwonyesha mpira mwekundu unaovutwa kwa uzi. Akili yake ikiwa nzima, anauchukua ule mpira kuwa mama yake. Anaukimbilia, akianguka anaamka, analia ukienda mbali.

Kundi A — wanakimbia. Kundi B wanachelewa, ila wanakwenda. Kundi D wazuri.

Kundi C wanasimama. Hawaumwi, wanakula vizuri, manyoya safi. Mpira unapita mbele yao na wao wanatazama kona. Mmoja alianza kuufuata, akasahau njiani.

Carmel aliacha kuandika. Chrispin alisema polepole tu: "Hii ya C, banakosa mama."

Ijumaa, 29 septemba

Carmel amefungua herufi. A ni maji ya chumvi. B dawa ya kunguni. D rangi ya mlango.

C ni wanja.

Na karatasi ya kipimo imerudi: ndani mna madini ya risasi, plomb, sumu ya bongo, tena mengi. Profesa Xavier, mkubwa wa labo, hakupaza sauti. "Jaribio moja halitoshi, tutarudia. Kifaranga si mtoto. Lakini plomb ni plomb, hiyo haihitaji kuku." Kisha: "Nani anautengeneza? Lazima tumpate, aache kuuza."

Nikasema nitamtafuta.

Nitamtafuta! Anafika kesho kwa basi, na samaki wa kukausha na mashuka mapya ya mtoto.

Jumapili, 1 oktoba

Arobaini ya Bintu. Nilitaka kufika mapema. Mvua, matope, pikipiki hakuna. Nilipoingia kwa Rahima wanawake walikuwa wanaimba tayari, pilau imeiva, na Bintu alikuwa mapajani kwa mama, amepakwa.

Alikuwa mzuri! Siwezi kuandika vingine. Yale macho. Nilitaka kulia na nilitaka kulala mkekani nipakwe na mimi.

Latifu alinikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. "Salwa! Salwa wa Bukavu!" Nilimshika uso, nikashindwa kumwachia.

Nikamwita mama jikoni. Nilimwambia yote — kichupa, uzi wa kijani, vifaranga, plomb. Alikuwa anapakua mchuzi, hakuacha kupakua.

"Mama yangu aliutwanga. Na mama yake, tangu wangali Ujiji."

"Ninajua, mama."

"Wauzaji wa Kadutu wote wanachukua kwangu."

"Ninajua."

"Basi mimi ni mchawi?"

"Hapana! Hukujua. Nani alijua?"

Alifunika sufuria, akafuta mikono. Nilingoja anifokee, ingekuwa nafuu. Akasema: "Kesho nipeleke nikawaone hao kuku wako." Kisha akarudi kwa wageni, akaimba pamoja nao, sauti yake ileile ya juu.

Rahima alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani.

Jumatatu, 2 oktoba

Ninaandika hapahapa labo, juu ya meza ya Carmel, maana sijui nifanye nini kingine.

Mama amevaa gauni lake la sikukuu, kama anayekwenda kusalimu wakubwa. Alimpa Chrispin mkono. Chrispin: "Karibu, maman." Hajui huyu ni nani. Profesa hajafika bado.

Mpira hakuutaka. Amechuchumaa sakafuni, akawaita kama alivyowaita kuku wa uani kwetu, ulimi ukigonga kinywa: kru-kru-kru. Kundi A walimjia mbio, wakapanda juu ya viatu vyake. Akacheka! Kwa muda mfupi alikuwa yule mama wa Uvira, na nyuma yake nikauona ule ua wote, kinu, kamba ya nguo, baba na kanzu yake.

Halafu akasema: sasa wale wengine.

Chrispin akafungua sanduku la C. Akawaita vilevile, kisha akaita tena, polepole zaidi. Mmoja amegeukia ukuta, anadonoa simenti.

"Latifu alikuwa hivi," akasema. "Ninamwita, yeye anachekea ukuta."

Nikamwambia hatuwezi kujua, mama. Ulimzaa kwa shida. Aliugua malaria kali akiwa mchanga. Vitu ni vingi.

"Sikukuuliza."

Amemchukua yule wa ukutani, amemweka mapajani, anamsugua kichwa kwa kidole kimoja. Hanitazami.

Simu yangu imelia. Rahima. Nyuma yake Bintu analia kwa nguvu. "Yaya, ninamufuta wanja, haitoki vizuri. Nitumie maji ao mafuta? Umuulize maman. Yeye njo anajua."

Nimempa mama simu. Ameishika sikioni. Rahima anaita, ninamsikia mpaka hapa nilipo: "Maman? Maman, uko pale?"

Mama yuko. "Mafuta," anasema mwisho, na kidole chake bado kiko juu ya kichwa cha kifaranga.