Kiuno cha Mwanga

Jumatatu, 3 Juni
Kutwa kupiga alizeti. Vumbi mpaka masikioni. Jioni nikawasha tochi yangu ya leza, ile ya kijani niliyonunua Shelui. Mtinko nzima hakuna nyingine. Nyumbani nimewaambia kwamba ngedere wamehama mlima kwa kuiogopa. Mdogo wangu Samweli kadakia: mwongo kama mimi hawezi kuwa msemaji kwenye mahari ya Elipendo, binti wa dada yetu. Mimi! Mjomba mkubwa! Nikamwekea sharti. Ijumaa namulika jiwe la ng'ambo ya bonde. Doa likizidi sinia, aseme yeye. Dada kakubali, ila kaniahidisha: nikishindwa, nikae mlangoni, kimya.

Jumatano, 5 Juni
Elipendo kaja. Anafundisha fizikia Iguguno. Kachora hesabu mchangani kwa kijiti. Eti mwanga una kiuno, pale ulipo mwembamba kuliko kote, kisha unatanuka. Zidisha umbali kwa urefu wa wimbi, gawanya kwa kiuno. "Mjomba, ukikibana kiuno, mbele unatanuka zaidi. Uache ulivyo, sinia litatosha."
Niliishia kidato cha pili, lakini sidanganywi. Maji ukiyabana kwenye mpira yanaruka mbali, membamba. Nimechukia. Mtoto niliyembeba mgongoni!

Ijumaa, 7 Juni
Nimetoboa kizibo cha soda kwa sindano, kitundu kidogo kabisa. Nikakifunga mbele ya tochi. Jua lilipozama Samweli akavuka bonde na sinia. Nikawasha.
Si doa. Kitanda! Na miduara imekizunguka. Samweli kasimama katikati, katupa mgongo, sinia kichwani. "Kaka! Leo umeniogesha!"
Wamecheka wote isipokuwa Elipendo. "Mjomba, bila kizibo ungeshinda." Nikamwambia jiwe lile limepinda. Nimeshindwa. Sikubali.

Jumamosi, 8 Juni
Wakwe wamekuja. Samweli kasema. Sauti ndogo. Mimi mlangoni, kimya, kama nilivyomwahidi dada.
Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi kaniinamia. Eti jana toka kwao waliona jiwe linawaka, ni nini? Nikamjibu taratibu: mwanga wangu, upana wa zizi la ng'ombe. Akasogeza kigoda. Mwenzake naye akasogea. Nikawaeleza habari ya kiuno.
Samweli akabaki anaongea na ukuta. Elipendo kajifunika kitenge, mabega yanatikisika kwa kicheko.
Kizibo ninacho, mfukoni mwa shati.